Siku za Kwanza za Mwanafunzi katika Nchi ya Ureno

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mtoto wa jirani amekwenda Uingereza, India au China kusoma. Walakini ukisema kwamba mtoto fulani yuko Ureno, watu hunyamaza kidogo. Wengi wetu twawajua Wareno kwa habari za kale tu: Vasco da Gama alivyofika Malindi mwaka wa 1498, na ile ngome ya Mombasa waliyoanza kuijenga mwaka wa 1593, wakanyang'anywa na Waarabu wa Oman mwaka wa 1698. Kumbe nchi yao ingalipo, na vyuo vyake ni vya zamani sana, na vijana wa Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau na Brazili huenda huko kila mwaka. Sasa na wa kwetu wachache wanafuata njia hiyo.

Kijana mmoja wa ukoo wetu amekwenda mji wa Coimbra kusomea uhandisi wa maji, naye ametupa ruhusa tueleze mambo yaliyompata, ila jina lake tusilitaje. Twaona yafaa wazazi wayajue, maana yule aendaye huandika mengi juu ya majumba na machache juu ya nafsi yake. Nauli yake na fedha za miezi ya kwanza zilipatikana kwa kuwa baba yake mdogo aliweka rehani shamba lake la mikorosho. Na mkorosho wenyewe, kama wasomaji wajuavyo, uliletwa katika pwani zetu na Wareno hao hao, kutoka Brazili.

Coimbra ni mji ulio juu ya kilima, kando ya mto Mondego, yapata kilometa 200 kaskazini ya Lisbon. Chuo Kikuu chake kilianzishwa na Mfalme Dinis mwaka wa 1290, kikahamahama baina ya Lisbon na Coimbra, hata mwaka wa 1537 kikatulia Coimbra moja kwa moja. Kina mnara wenye kengele ambayo wanafunzi huiita «Cabra», maana yake mbuzi jike. Kina maktaba ya karne ya 18 ambamo popo wanaachwa wakae, kwa sababu usiku hula wadudu waharibuo vitabu, na kila jioni meza hufunikwa ngozi zisichafuliwe. Kijana wetu alituandikia habari za popo ukurasa mzima. Habari za kushindwa kununua mkate alituletea baadaye sana.

Tuseme basi juu ya lugha, maana ndiko alikoumia. Kabla ya kusafiri alijifunza Kireno miezi minane katika vitabu, akaweza kusoma gazeti. Tena alifurahi kuona jinsi Kiswahili chetu kilivyokopa huko: meza ni «mesa», bendera ni «bandeira», leso ni «lenço», mvinyo ni «vinho», foronya ni «fronha». Hata gereza, twaambiwa na wenye elimu ya lugha, latoka katika «igreja», yaani kanisa! Basi akadhani anakwenda kwa ndugu.

Alipofika hakusikia kitu. Mswahili humpa kila silabi vokali yake, na vokali hiyo husikika wazi. Mreno wa Ureno humeza vokali nyingi zisizotiwa mkazo. Neno «telefone» kwa kinywa chake huwa kama «tlfon», na «pequeno», yaani dogo, huwa «pkenu». Herufi «s» mwisho wa neno huwa «sh». Wabrazili hawafanyi hivyo sana, ndiyo sababu wageni wengi huwafahamu Wabrazili kwanza. Tena zipo sauti zipitazo puani. Mkate ni «pão» na gongo ni «pau», na asiyezoea hazitofautishi. Siku ya pili kijana wetu aliingia dukani akaomba gongo mbili. Mwenye duka akacheka bila ubaya, akampa mikate, naye akatoka amefadhaika. Siku tatu zilizofuata alikula biskuti chumbani, asirudi dukani pale.

Jambo hili twataka lifahamike vema. Kijana huyu nyumbani alikuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kusimama harusini akatoa shukrani za ukoo. Sasa alikuwa kama mtoto aliyechelewa kusema, na watu walipomwambia neno mara mbili, alijibu «sim, sim», yaani naam, ili waondoke. Kukubali hivyo usilolisikia ni hatari, na hatari ilimpata.

Mgeni aendaye kusoma hupewa viza ya siku 120, na katika siku hizo hana budi kuomba kibali cha ukaaji. Kabla ya hapo yampasa kupata nambari ya kodi, yenye tarakimu 9, ambayo huulizwa kila mahali: kwa mwenye nyumba, benki, hata kwa wauzao simu. Basi katika afisi moja (hatuitaji) aliambiwa arudi na karatasi zake «terça-feira». Akajibu «sim».

Hapa yafaa tueleze kidogo. Mataifa mengi ya Ulaya huziita siku kwa majina ya miungu ya kale. Wareno wameziacha zile za miungu, wakazihesabu, na desturi hiyo husemwa ilitiwa nguvu na Askofu Martin wa Braga katika karne ya 6, ambaye hakupenda Wakristo wataje Marsi na Jupita kila juma. Basi Jumapili kwao ni «domingo», siku ya Bwana, nayo ndiyo ya kwanza. Jumatatu ni «segunda-feira», ya pili. Jumanne ni «terça-feira», ya tatu. Hivyo mpaka Ijumaa, «sexta-feira», ya sita. Nasi Waswahili twahesabu vilevile, walakini mosi yetu ni Jumamosi. Hivyo hesabu zetu zimepishana kwa siku moja kamili. Mwingereza asingekosea, kwa kuwa kwake siku hazina hesabu. Mswahili hukosea kwa sababu aihesabu.

Kijana alijua kwamba «terça» ni ya tatu. Akasema moyoni: ya tatu, basi ni Jumatatu. Akaenda Jumatatu asubuhi, amevaa shati jeupe, karatasi zote mkononi. Mlinzi wa mlango akaitazama ile karatasi ya miadi, akatikisa kichwa, akasema maneno mengi ambayo kijana alisikia moja tu, «não», yaani la. Akadhani amekataliwa kabisa. Akarudi chumbani, akalala. Jumanne, siku yenyewe ya miadi, hakwenda. Jumatano hakwenda hata darasani.

Jioni ile mama yake alimpigia simu akamwuliza, «Mwanangu, hujambo? Mambo yako yamekwenda?» Akajibu, «Sijambo, mama. Yamekwenda vizuri.» Na baba mdogo akamwuliza kama karatasi zimekamilika, kwa kuwa mwenye kushika rehani alikuwa ameanza kuuliza habari. Akajibu kwamba zi karibu. Ndivyo alivyokaa siku tisa, akihesabu fedha zake kama zatosha nauli ya kurudi. Hazikutosha.

Katika nyumba aliyopanga alikuwamo mwanafunzi wa kike kutoka pwani ya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Huko na katika visiwa vya Quirimbas watu husema Kimwani, ambacho ki karibu sana na Kiswahili. Hawakuwa wamezungumza, kila mmoja akimdhania mwenziwe mtu wa mbali. Siku hiyo kijana alikuwa jikoni akisema kwa simu na rafiki wa nyumbani, na binti yule akageuka akasema, «Kaka, kumbe nakusikia!» Kijana anasema aliketi chini. Tangu afike, siku 17, hilo lilikuwa neno la kwanza alilolisikia lote kwa mara moja.

Akamweleza yote. Dada yule akacheka, kisha akakasirika, kisha akachukua kalamu akamwandikia siku saba kwa lugha zote mbili katika karatasi, akaibandika mlangoni. Kesho yake akamsindikiza mpaka afisi ile.

Huko kijana alijifunza jambo lisilo katika vitabu vyake. Lugha ya Kireno ina heshima zake kama sisi tulivyo na shikamoo. Neno «tu», yaani wewe, ni la rafiki, ndugu na mtoto. Neno «você», ambalo Wabrazili hulitumia kila siku, Mreno mzee aweza kuliona la ukosefu wa adabu. Mtu mzima huambiwa «o senhor» au «a senhora», na kitenzi huwekwa kana kwamba unamsema mtu mwingine, kama kusema, «Je, mama anaweza kunitazamia karatasi hii?» Aliye na shahada huitwa «senhor doutor», na mhandisi «senhor engenheiro». Kijana wetu, kwa kujifunza katika mitambo ya simu iliyotungwa kwa Kibrazili, alikuwa amemwita kila mtu «você», hata karani mwenye mvi. Dada wa Cabo Delgado alianza kwa kusema habari za asubuhi, akaomba radhi kwa ajili ya mwenziwe, akalitaja neno «a senhora» labda mara sita. Karani akacheka aliposikia habari ya Jumatatu na Jumanne, akawaita wenzake waisikie. Akaandika miadi mingine, baada ya majuma matatu, na mara hii akaandika tarehe kwa tarakimu kubwa.

Mambo ya chakula hayakumsumbua sana. Katika Ulaya, Wareno ndio walao wali zaidi kwa hesabu ya kila mtu, na mpunga hulimwa katika bonde la Mondego lenyewe, chini ya Coimbra. Samaki wao apendwaye, «bacalhau», hukaushwa kwa chumvi na kulowekwa kabla ya kupikwa, kwa hiyo mtu aliyekula papa wa ng'onda hatashangaa. Katika majumba ya chakula ya Chuo mwanafunzi hupata supu, sahani ya wali au viazi pamoja na samaki au nyama, mkate na tunda, kwa bei nafuu. Kilichomsumbua zaidi ni baridi ya ndani. Nyumba nyingi za Ureno hazina joto la mitambo, na mvua zianzapo ukuta hutoa unyevu, hata mtu huvaa koti mezani. Mzazi amnunulie mwanawe blanketi kabla ya viatu vya fahari.

Tena wazazi wasitishwe na picha watakazoletewa. Wanafunzi wa Coimbra huvaa kanzu na joho jeusi, na wageni wa mwaka wa kwanza, waitwao «caloiros», huchezewa na wakubwa wao: huimbishwa, hupakwa rangi, na katika sikukuu ya «Latada» hutembezwa mjini wakikokota mikebe mitupu. Mengi ni mzaha. Mengine, kwa maoni yetu, hayafai, na mwanafunzi ana haki ya kukataa bila kufukuzwa. Kijana wetu alikokota mikebe, akaacha mengineyo.

Si yeye Mwafrika wa kwanza kupanda kilima kile. Agostinho Neto wa Angola, mwana wa mchungaji wa Kimethodisti, alifika Coimbra mwaka wa 1947 kusomea uganga, akamaliza Lisbon mwaka wa 1958, baada ya kufungwa gerezani. Mwaka wa 1975 akawa Rais wa kwanza wa nchi yake. Eduardo Mondlane wa Msumbiji, aliyesomeshwa na misheni ya Waswisi, alifika Lisbon mwaka wa 1950, akaandamwa na polisi hata mwaka uliofuata akahamia Marekani. Huyo ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam mwaka wa 1962, na ndiko alikouawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Hao walikuwa wakisema Kireno kabla ya kufika, wala hawakushindwa kununua mkate. Taabu yao ilikuwa nyingine, kuwa watawaliwa katika nchi ya mtawala. Mwanafunzi wa leo hana mzigo huo, naye asijione mnyonge kwa sababu ya vokali.

Siku ile aliporudi kutoka afisini, kijana alimpigia simu baba yake mdogo akamweleza kweli yote: gongo la mkate, Jumatatu, siku tisa za uongo. Huku kwetu ilikuwa usiku, maana mwezi wa Septemba saa za Ureno ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba huwa tatu. Mzee alikaa kimya, kijana akadhani simu imekatika. Kisha mzee akasema, «Basi mwanangu, kesho nenda kaombe gongo tena. Siku watakapokupa mkate bila kucheka, nipigie.»

Alimpigia siku ya kumi na moja. Miadi ya pili aliitimiza, karatasi zikapokelewa, na sasa anasoma Kireno asubuhi na hesabu za maji alasiri. Anasema katika darasa la masomo husikia yapata nusu. Mama yake sasa humwuliza, «Leo ni siku gani huko?» naye hujibu kwa lugha zote mbili. Shamba lingali rehani. Korosho za msimu huu zimeanza kuanguka, na baba mdogo amepatana na mwenye kushika rehani kwamba fungu la kwanza la deni litolewe katika mauzo ya mwezi wa Desemba.