Cheti cha Ukaguzi Hakisimamishi Gari

Kuna methali ambayo sisi wasafiri na madereva tunaipenda mno, nayo ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Gari likipinduka, tunaitamka. Breki zikikataa kushika mteremkoni, tunaitamka. Tairi likipasuka na abiria wakafikishwa hospitalini, tunaitamka tena, tunatikisa vichwa, halafu kila mtu anakwenda zake.

Leo nataka tuitazame methali hiyo kwa jicho la pili. Wazee waliotuachia maneno hayo walikuwa wakisema juu ya mambo ambayo binadamu hawezi kuyajua kabla hayajamfika. Lakini tairi lililokwisha likabaki laini kama kipara huonekana mchana kweupe. Breki iliyolika hulia kwa sauti hata mpita njia akaisikia. Usukani uliolegea huonekana mikononi mwa dereva, anauzungusha huku na gari linakwenda kule. Mambo kama hayo yakiua mtu, tusiseme ni ajali isiyo na kinga. Kinga ilikuwapo. Ni sisi tuliokataa kuitumia.

Kinga ninayoizungumzia ni ukaguzi wa magari. Hapa Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, wengi wao wakiwa watembea kwa miguu, waendeshaji wa pikipiki na abiria. Siyo wote wanaouawa na magari mabovu. Mwendo wa kasi, ulevi na uchovu nao wana hesabu yao. Lakini ubovu wa gari ndio mshenga wa makosa hayo yote. Dereva mwenye mwendo wa kasi akiwa na breki nzuri huenda akaponea chupuchupu. Akiwa na breki mbovu, hana pa kushika.

Sasa, sheria inasemaje? Sheria ya Trafiki, ambayo ni Sura ya 403 ya sheria zetu, inaeleza katika kifungu cha 55 kwamba gari halitatumiwa barabarani ila likiwa katika hali isiyohatarisha walio ndani yake wala wengine wanaotumia barabara. Kumbuka neno moja hapo: hali hiyo yatakiwa kudumishwa wakati wote. Sheria haisemi siku ya ukaguzi. Inasema wakati wote.

Juu ya wajibu huo, yako magari ambayo ni lazima yapelekwe kwa mkaguzi. Kwanza ni magari ya abiria, yaani matatu, mabasi na teksi. Pili ni magari ya biashara, kama malori, pikapu na matrela. Haya hukaguliwa kila mwaka. Magari ya shule nayo yamo, maana mzigo wake ni watoto wetu. Tatu, na hapa ndipo wengi wanaposhtuka, sheria inataka gari lililopita miaka minne tangu kuundwa likaguliwe pia, hata kama ni la kibinafsi. Hesabu huanza mwaka gari lilipotoka kiwandani, wala si siku uliyolinunua. Tukumbuke kwamba magari mengi tunayoyaita mapya ni mitumba iliyotoka ng'ambo, na kanuni zetu zinaruhusu kuingizwa gari lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo gari linaweza kushuka bandarini Mombasa leo, likang'arishwa, likauzwa kama jipya, kumbe lilikwisha kupita umri huo zamani. Tena, mwenye gari akibadilisha rangi, injini au bodi, atahitaji ukaguzi ili kumbukumbu zilingane na gari lenyewe.

Kazi hiyo zamani ilikuwa chini ya polisi. Hivi sasa imo mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Vituo vyake vimo katika miji mbalimbali. Jijini Nairobi kituo kinachojulikana zaidi kipo Barabara ya Likoni, katika Eneo la Viwanda. Mgeni asichanganye na Likoni ile ya feri. Aliyeko Mombasa kituo chake kiko Miritini. Nakuru, Kisumu, Eldoret, Nyeri na Thika pia kuna vituo, na vipo katika miji mingine kadhaa. Si lazima gari la Nakuru lipelekwe Nairobi, wala hakuna baraka ya pekee inayopatikana kwa kusafiri mbali.

Njia ya kufika huko ni fupi kuliko madalali wanavyotuambia. Mwenye gari huingia katika huduma za serikali za eCitizen, akafungua ukurasa wa NTSA, akaomba ukaguzi, akachagua kituo na siku, kisha akalipa ada kwa njia inayoonyeshwa pale pale. Asiyeijua kompyuta anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre, au na kijana wake nyumbani. Siku ikifika, apeleke gari pamoja na uthibitisho wa malipo na karatasi zake, na mwenye gari la abiria asisahau cheti cha kidhibiti mwendo. Yule bwana anayekungoja langoni akisema, “lete kitu kidogo nikupitishie,” hana anachokuuzia ila hatari yako mwenyewe.

Je, mkaguzi hutazama nini? Huanza na utambulisho: namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini zilingane na kumbukumbu. Hapo ndipo gari la wizi lililopakwa rangi mpya linapokwama. Kisha hutazama mwili wa gari, milango, vioo, waipa, viti na mikanda ya usalama. Taa zote huwashwa, na mwanga wa taa za mbele hupimwa usije ukampofusha anayekuja. Matairi hukaguliwa kama yamelika, yamepasuka au yamevimba ubavuni. Chini ya gari hutazamwa usukani na viungo vyake, springi, mabomba ya breki, na kama kuna mafuta yanayovuja. Breki zenyewe hupimwa kwenye roli zinazozungusha magurudumu. Mtambo huonyesha kila gurudumu linashika kwa nguvu kiasi gani, na kama la kushoto linalingana na la kulia. Breki zikishika upande mmoja kuliko mwingine, gari hurukia kando linaposimamishwa ghafla, na katika barabara zetu nyembamba, kando ndiko kuliko na watu.

Nieleze kwa hesabu kwa nini breki zinapewa uzito huo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu wa matatu, linapita mita 22 kwa kila sekunde moja. Mtoto akiingia barabarani, dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Mita 22 zimekwisha kwenda. Breki zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu, gari litahitaji mita kama 36 zaidi ili lisimame. Jumla ni mita 58. Lakini breki hizo zikiwa na nusu tu ya nguvu zake, zile mita 36 zinakuwa 72, na jumla inakuwa mita 94. Hiyo ni karibu urefu mzima wa uwanja wa mpira. Mtoto aliyesimama mita 70 mbele ya gari la kwanza atakwenda nyumbani akiwa amegombezwa tu. Mbele ya gari la pili, hatakwenda.

Lori lililosheheni ni balaa zaidi, hasa mteremkoni. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori la kontena lilitoka barabarani likawavamia wachuuzi na abiria, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Wengi wao hawakuwa wamepanda gari lolote. Walikuwa wakiuza na kununua. Mtu hahitaji kumiliki gari ili auawe na gari. Kwa sababu hiyo ukaguzi si shauri la wenye magari peke yao.

Lakini sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Katika miji yetu upo mtindo wa kukodi matairi. Mwenye matatu hujua kwamba matairi yake hayawezi kupita. Badala ya kununua, humwendea mtu mwenye matairi mazuri, akayafunga kwa siku moja, akaenda kituoni, akapata cheti. Jioni matairi yanarudishwa kwa mwenyewe, na vile vipara vinarudi mahali pake. Wengine huazima hata kizima moto na mikanda. Wengine hawaendi kabisa; hutafuta karatasi kwa mlango wa nyuma.

Ninamwuliza mtu huyo swali moja: umemdanganya nani? Mkaguzi jioni atakwenda kwake salama. Serikali imekwisha pokea ada yake. Anayebaki ndani ya gari ni dereva wako, ni utingo wako, na ni yule mama aliyekulipa nauli. Cheti kikibandikwa kwenye kioo hakishiki gurudumu. Mvua ikinyesha, lami haitasoma tarehe iliyoandikwa pale.

Tuliwahi kujaribu kujirekebisha. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003, wakati marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilidai mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Zilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, wananchi wengi walitembea kwa miguu, kwa sababu matatu nyingi zilikuwa hazijatimiza masharti. Watu walinung'unika, kisha wakazoea kufunga mkanda. Lakini pale mkono wa sheria ulipolegea, mikanda nayo ililegea. Kanuni isiyofuatiliwa ni kama breki isiyo na mafuta: unakanyaga, na hakuna kinachotokea.

Wenzetu wa Uingereza nao walipita njia hiyo. Walianza ukaguzi wa lazima mwaka 1960, na wakati huo ulihusu magari yaliyofikisha miaka 10 tu, tena kwa kutazama breki, taa na usukani. Magari yaliyoshindwa yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka uliofuata umri ukateremshwa hadi miaka saba, na mwaka 1967 ukawa miaka mitatu. Huko kazi hufanywa na gereji za kawaida zilizopewa kibali, zenye alama ya pembetatu tatu mlangoni. Tangu mwaka 2018 kasoro hugawanywa katika makundi matatu: ya hatari, kubwa na ndogo. Gari lenye kasoro ya hatari haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe. Na jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba mtu yeyote mwenye namba ya usajili anaweza kuona bure ukaguzi uliopita ulikuta nini. Muuzaji hawezi kuficha. Sisi tukifika hapo, biashara ya kukodi matairi itapungua, maana uongo hupenda giza.

Wakati tukingoja, kila mmoja ana lake la kufanya. Mwenye gari asisubiri tarehe ya ukaguzi. Mara moja kwa wiki azunguke gari lake. Katika mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vilivyowekwa na kiwanda. Mpira ukilika ukalingana navyo, tairi hilo limekwisha. Akanyage breki gari likiwa limesimama na injini ikiwa imewashwa: ikizama polepole hadi chini, aende kwa fundi kabla ya kwenda kazini. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na mteremkoni yakipata moto huchemka, ikawa dereva anakanyaga hewa. Yabadilishwe kwa wakati wake. Gari likishindwa kituoni, usimkasirikie mkaguzi. Mwombe akuandikie kasoro, mpelekee fundi karatasi hiyo, kisha rudi. Aliyekuonyesha ufa kabla ukuta haujaanguka hakukuonea.

Na wewe abiria usiyekuwa na gari, usijione huna sauti. Unalipa nauli. Tazama tairi kabla ya kupanda. Halikugharimu ila sekunde mbili. Ukiona kipara, ngoja gari la nyuma. Dereva akigombana na usukani, sema, hata kama utaambiwa ununue gari lako. Matatu inayokosa abiria kwa siku tatu kwa sababu ya matairi itapata matairi siku ya nne, bila askari wala hakimu.

Ajali isiyo na kinga ipo, nayo tunamwachia Mungu. Tusimwachie Mungu kazi ya fundi. Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, safiri salama.