Mwalimu Ajue Nini Kabla ya Somo?

Kabla jua halijapanda, mchungaji wa pande za Bulengo, karibu na Goma, huweza kumkuta mbuzi wake amekufa kishimoni, bila jeraha wala alama ya meno. Wenyeji hupaita mahali hapo mazuku. Kiuacho ni gesi ya kaboni dioksidi, ipandayo kutoka chini ya nchi yetu ya volkano kwa kupitia nyufa za mawe. Nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Mtu mzima aliyesimama huenda asidhurike. Mtoto mfupi, au aliyeinama kuokota kuni, huanguka.

Basi tumfikirie mwalimu wa shule ya msingi mjini Goma, ambaye kesho atafundisha somo la hewa. Ameketi mbele ya fishi yake ya matayarisho. Aandike nini?

Sharti kwanza alielewe somo lenyewe. Asiyejua kwa nini gesi hii hukaa chini atakariri maneno ya kitabu, na swali la kwanza la mtoto litamfunga kinywa. Lakini elimu hiyo haitoshi, maana wako wenye diploma nzuri wasioeleweka darasani hata kidogo. Yafaa awajue na watoto wake. Mtoto wa Goma haji shuleni mtupu: neno mazuku amelisikia nyumbani, na pengine ameambiwa kuwa ni pepo mbaya au uchawi wa jirani. Mwalimu asipouliza habari hizo, mtoto ataandika jibu zuri siku ya mtihani, kisha jioni ataendelea kumwogopa jirani badala ya kuliogopa shimo. Bwana wetu naye, alipofundisha watu kando ya ziwa la Galilaya, alitumia mbegu na wavu, vitu walivyovishika kila siku.

Yako tena maarifa ya njia, nayo ndiyo ya mwalimu hasa. Na achukue beseni lenye kina, asimamishe ndani mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, aiwashe, kisha amimine siki juu ya bikabonati, ile ya kuumulia mandazi, aliyoiweka chini. Mshumaa mfupi utatangulia kuzimika. Lakini kabla ya kumimina awaulize: upi utazimika kwanza, na kwa nini? Tena ajaribu nyumbani usiku uliotangulia, kwani siki ikiwa haba moto hauzimiki, na darasa zima litacheka.

Twajua pia kwamba tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na aliye nyuma haoni beseni. Hilo nalo liandikwe katika fishi: meza ndefu iwekwe wapi, safu ipi ije mbele kwanza, dakika ngapi.

Mwisho wa fishi liwepo swali moja, lijibiwe na kila mtoto kwa maneno yake: mbuzi wako akianguka bondeni asubuhi, utafanya nini? Atakayejibu kwamba atashuka kumchukua, bado hajafundishwa.