Bondeni Hakuna Shamba la Peke Yako

Asubuhi moja ya Septemba, katika bonde lililo nje kidogo ya mji wa Iringa, mama mmoja alinipokea kwa "kamwene", kisha bila maneno mengi akanipeleka kwenye tuta lake la tatu. Viazi vilikuwa vimefika magotini na kustawi vizuri, ila mashina saba ya upande wa juu yalikuwa yamelegea kama mtu aliyesinzia kanisani. Udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Hata hivyo alikwisha kuyamwagilia mara mbili, akidhani ni kiu.

Nikamwomba glasi ya maji safi. Tulikata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, tukakining'iniza kwa uzi ili ncha iliyokatwa iguse maji tu. Hazikupita dakika nyingi, nyuzi nyeupe kama moshi wa ubani zikaanza kushuka kutoka kwenye shina. Ule haukuwa utomvu. Walikuwa bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wakitoka kwenye mirija ya maji waliyoiziba. Ugonjwa huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kupulizia inayouponya.

"Sasa umetoka wapi, bwana shamba?" akauliza.

Badala ya kujibu, nikainua macho kutazama vipande vya wenzake vilivyo juu yake.

Ghala la maji lisilo na mlango

Anayesafiri kiangazi kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya huona vilima vya rangi ya kahawia, na katikati yake mikanda myembamba ya kijani. Mikanda hiyo ni mabonde, na bustani zilizomo Wahehe na Wabena huziita vinyungu. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo kilima hukauka, lakini maji yaliyozama ndani yake huendelea kuteremka polepole chini ya ardhi na kujitokeza bondeni. Kinyungu hulimwa kwa maji hayo ya akiba. Hutoa maharage, njegere, kabichi, viazi na maboga, na mahindi mabichi ya Desemba na Januari, wakati ambapo mahindi ya mlimani bado machanga na ghala limebaki mavumbi.

Kwa kawaida bonde ni moja na majembe ni mengi. Huyu amerithi kipande kwa babu, yule amekodi kwa msimu mmoja, kile kimegawiwa kikundi cha akina mama. Mipaka ni mifereji tu, na mfereji hautenganishi. Kila kinachopita kwako kitapita kwa mwenzako: maji, baridi, wadudu na vimelea vya magonjwa. Kwa hiyo mtu anaponiuliza apande mbegu gani bondeni, nami humuuliza kwanza kama anawajua majirani zake.

Nyasi chini ya tuta

Kinyungu kizuri hujengwa, hakichimbwi tu. Mlimaji hufyeka nyasi za bonde, huzilaza, kisha hugeuza udongo wenye unyevu juu yake mpaka tuta liinuke. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa kama sifongo: hushika maji, huingiza hewa, na baadaye hulisha mizizi. Anayezichoma moto hupata majivu yanayokoza kijani kwa muda mfupi, lakini sifongo imeteketea. Tena udongo mweusi wa mabonde mengine una mboji nyingi kiasi kwamba wenyewe unaweza kushika moto na kufuka chinichini kwa siku nyingi.

Lakini sifongo hiyo ina deni lake. Vijidudu vinavyoozesha nyasi kavu huhitaji naitrojeni, na huichukua kwenye udongo uleule unaotegemewa na mche wako. Ndiyo maana kabichi iliyopandwa juu ya nyasi kavu huanza kwa manjano hata kama maji yapo. Dawa yake ni kuzifukia nyasi zikiwa bado mbichi, kabla hazijatoa mbegu, na kusubiri wiki tatu au nne. Asiyeweza kusubiri aanze na maharage au njegere, mimea inayojitengenezea sehemu ya naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi.

Upande wa Mbeya udongo una tabia nyingine. Milima kama Rungwe na Ngozi ilimwaga majivu ya volkano katika maeneo mengi, yakaacha udongo mwepesi, rahisi kulima, unaopitisha maji haraka. Udongo wa aina hiyo huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mbolea ikitawanywa shamba zima, mmea hupata kidogo sana. Kwa hiyo iweke mbolea ya kupandia ndani ya shimo, chini kidogo ya mbegu na pembeni yake, pamoja na konzi ya samadi iliyooza.

Shubiri na dhiraa

Kabla ya kuchagua zao, chimba shimo la kina cha goti, uliache usiku kucha, asubuhi utazame maji yamesimama wapi. Yakiwa shubiri moja tu kutoka juu, hapo ni pa magimbi. Nyanya itaoza mizizi. Yakishuka hadi dhiraa, kabichi, vitunguu na viazi vitakaa vizuri juu ya tuta. Yasipoonekana kabisa, inua tuta kidogo tu na utandaze nyasi kavu juu yake, kwa maana utahitaji kila tone.

Rudia kipimo hicho kila mwezi. Maji ya bondeni hushuka kadiri kiangazi kinavyosonga, na mfereji uliokuwa ukitoa maji mwezi wa Juni unapaswa kuyazuia mwezi wa Septemba. Walimaji wazoefu huweka vizibo vya udongo ndani ya mfereji, hatua kwa hatua, ili maji yasimame na kupenya tuta kutoka chini.

Ugomvi huanzia hapo. Mwenye kipande cha juu akiziba sana, wa chini hukauka. Akichimba mfereji mrefu na wenye kina ili akaushe upesi, hunyonya akiba ya bonde zima, na ikifika Oktoba hata yeye mwenyewe atabeba ndoo. Urefu wa kizibo ni jambo la kukubaliana mkiwa mmesimama mferejini, kila mtu akiona maji yanafika wapi.

Baridi nayo huteremka

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku mtulivu usio na mawingu, kati ya Juni na Agosti, huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Wakazi wa Mufindi, Njombe na Makete huijua asubuhi yake: majani ya viazi yamepakwa ganda jeupe la barafu, na jua likichomoza yanakuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Kwenye mabonde ya namna hiyo, panga viazi na maharage vichomoze baada ya wiki za baridi kali kupita. Kabichi na njegere huvumilia zaidi. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana na kuliachia usiku, kwa hiyo ukihisi usiku utakuwa mkali, mwagilia mapema alasiri. Na msipande ua mnene wa kukatiza bonde upande wa chini. Baridi ikikosa njia ya kutokea itarundikana kwa wa juu, na safari hii aliye chini ndiye atakayekuwa amemwonea jirani.

Ukoo mmoja wenye majina sita

Nyanya, viazi mviringo, pilipili, biringanya, nyanya chungu na mnavu ni ukoo mmoja. Ukivuna viazi ukapanda nyanya, umebadilisha jina la zao, ila mezani pa mnyauko chakula ni kilekile. Bakteria wake hukaa udongoni, husafiri kwa maji ya mfereji, kwa jembe lenye tope, na zaidi ya yote ndani ya viazi vya mbegu vinavyoonekana vizima. Kipande kilichougua kipumzishwe na ukoo huo misimu mitatu au zaidi. Kipande hicho kipe mahindi, kabichi, vitunguu au njegere. Miche iliyonyauka ing'olewe na mizizi na udongo wake, itolewe bondeni kabisa. Kuitupa mferejini ni kumpelekea jirani ugonjwa.

Mdudu kantangaze, kipekecha wa nyanya na majani yake, naye hajui mpaka. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 akaripotiwa Tanzania. Wakulima wa nyanya, wakiwemo wa Ilula ambako matenga hupangwa kandokando ya barabara kuu, wanamjua kwa hasara. Kiwavi wake huishi ndani ya jani au tunda, mahali dawa inapofika kwa shida, na aina nyingi za dawa amekwisha kuzizoea. Mtego wenye harufu ya jike, ukiwekwa juu ya beseni la maji ya sabuni, huvuta madume. Ila mtego mmoja katikati ya vipande ishirini ni sawa na kufunga dirisha huku mlango uko wazi. Shamba moja la nyanya lililotelekezwa baada ya mavuno linatosha kulea kizazi kipya kwa ajili ya bonde zima.

Parachichi libaki begani

Tangu parachichi la Hass lianze kuleta fedha Rungwe na Njombe, wengi wanataka kuliteremsha bondeni ambako maji ni ya bure. Ni kosa la gharama. Mizizi ya mparachichi huhitaji hewa, na udongo unaotuama maji hukaribisha kimelea kinachoiozesha hadi mti unyauke kuanzia kileleni. Mti huo upandwe begani mwa kilima, ambapo maji hupita bila kukaa, nao pamoja na nyasi za makingamaji utazuia udongo usiteremke kufukia vinyungu. Milingoti, yaani mikaratusi, ndiyo isikaribie kabisa. Mizizi yake hunywa akiba ile ile mnayoigombania.

Jirani wa mbali

Kuna majirani wengine msiowaona. Maji ya mabonde mengi ya Iringa huingia Ruaha Mdogo, yakafika Ruaha Mkuu, yakaenda kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, na hatimaye Rufiji. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kidole kikubwa huelekezwa kwenye matumizi ya maji katika bonde la Usangu, lakini kila mfereji unaochota maji juu ya hifadhi una mchango wake.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru uhifadhi. Kwa bonde jembamba mita 60 ni bonde lote, na hapo ndipo wakulima wa vinyungu na maofisa wamekuwa wakivutana. Ushauri wangu ni kwamba msisubiri kukutwa. Nendeni serikali ya kijiji kabla ya jembe la kwanza, mkaonyeshwe mpaka. Chemchemi na kingo za mto ziacheni na majani yake. Bomba la dawa lisioshwe mtoni hata mara moja. Mnaotaka kuchepusha maji, kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde, na ile ya Bonde la Rufiji makao yake yako Iringa. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumiaji maji, na watu ishirini wenye jumuiya husikilizwa kuliko ishirini wenye malalamiko.

Glasi ilivyopanda bonde

Siku ile hatukumnyooshea mtu kidole. Tulibeba glasi, uzi na kisu, tukapanda kutoka kipande hadi kipande, tukikata shina moja lililolegea kila tulipoliona. Vipande viwili vya juu vilitoa moshi ule ule. Kilichofuata hakikutoa kitu, na zaidi ya hapo hapakuwa na shina lililolegea. Mwenye kipande cha pili, mzee mmoja, alitazama glasi muda mrefu, kisha akasema mbegu aliinunua sokoni, nayo ilikuwa nzuri kwa macho.

Hakuna aliyemlaumu; wote hununua sokoni hapo. Alichofanya ni kuchukua jembe na kuziba mfereji wake kwa udongo, maji yasiteremke tena kwa yule mama. Akaniomba nimwachie uzi.