Mwanza Hadi Bukoba kwa Ndege

Fungueni atlasi. Baina ya viwanja vya ndege vya Mwanza na Bukoba, latitudo na longitudo hutofautiana digrii 1.11 kila moja. Karibu na ikweta digrii moja ni kilometa 111. Kwa kanuni ya Pythagoras napata kilometa 175 hivi. Barabara, kwa kuzunguka ziwa, ni zaidi ya mara mbili, nayo ni taabu kwa mgonjwa aletwaye Bugando.

Ndege ya rafadha ikienda kilometa 500 kwa saa, ni dakika 21. Mbona ratiba husema 45 hivi? Ratiba huhesabu tangu ndege ingali chini. Kisha hupanda, hushuka polepole na kujipanga sawa na uwanja, na wa kwetu Bukoba uko ukingoni mwa ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia majini hapo ikijaribu kutua, wakafa watu 19. Rubani akikawia kutua, mimi simnung'unikii.