Bei si thamani: Funzo la vitabu vya biashara kwa kijana anayepanga kazi

KILA mwaka vijana huhitimu katika vyuo vya ufundi vya Kaunti ya Machakos wakiwa wanajua kushona, kuchomelea vyuma au kuunganisha nyaya za umeme, lakini wengi wao hukwama kwenye swali la kwanza la mteja wa kwanza: ni pesa ngapi? Baadhi hukisia. Wengine huuliza bei ya jirani kisha wakaipunguza kidogo. Baada ya miezi michache kibanda hufungwa na lawama huwaendea wateja, ilhali kosa lilifanywa siku ile ya kukisia.

Swali hilo lina umri mkubwa katika vitabu. Mnamo mwaka 1776, Adam Smith wa Scotland alishangaa katika kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa: kwa nini maji, ambayo bila hayo hakuna uhai, huuzwa kwa bei duni, na almasi, ambayo mtu aweza kuishi miaka mia bila kuigusa, huuzwa kwa bei ghali? Jibu lililowaridhisha wasomi lilipatikana miaka ya 1870, pale Jevons nchini Uingereza, Menger nchini Austria na Walras nchini Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha kwamba mnunuzi halipii faida ya maji yote duniani. Hulipia mtungi mmoja zaidi. Mahali maji yanapobubujika, mtungi huo wa ziada hauna maana kubwa kwake.

Mkazi wa Machakos hahitaji kwenda Ulaya kulielewa jambo hili. Mvua ya Novemba ikinyesha vizuri na matangi yakajaa, mwenye punda na mitungi hana biashara. Ukame unapoingia, mtungi uleule, wenye maji yaleyale ya mto uleule, hupanda bei, na watu husimama foleni. Maji hayakubadilika, kilichobadilika ni uhaba wake na haja ya mnunuzi.

Mshahara nao ni bei, na hufuata mkondo huohuo. Hakuna anayetilia shaka thamani ya mwalimu kwa taifa. Hata hivyo makumi ya maelfu ya walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu nchini Kenya wangali wanasubiri ajira, na anayepata kibarua katika shule ya kibinafsi hulipwa kwa kupimwa na foleni iliyo nyuma yake. Kijana anayechagua kozi kwa kigezo kwamba kazi hiyo ni muhimu amejibu nusu ya swali tu. Nusu ya pili ni kujua wangapi tayari wanaifanya kazi hiyo, na ni nani hasa mwenye haja nayo na uwezo wa kuilipia.

Hapo ndipo historia ya Wamunyu, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, inapofundisha kuliko vitabu vingi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alifika katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika na huko akajifunza uchongaji wa vinyago kutoka kwa wenyeji. Wakamba walikuwa wakichonga vigoda na vijiko vya matumizi ya nyumbani tangu zamani. Munge aliporejea alianza kuchonga vitu ambavyo jirani yake hakuwa na haja navyo hata kidogo, ila mgeni kutoka ng'ambo alivipenda. Ujuzi ulienea kwa watoto na majirani, na kufikia miaka ya baada ya Vita vya Pili wachongaji wa Kikamba walikuwa wakiuza Nairobi na Mombasa, ambako baadaye walianzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe.

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote kwa wahenga, twiga wa mbao wa Wamunyu hakujiuza. Alitembezwa hadi akamfikia mtu aliyemwona kuwa na thamani, na katika safari hiyo bei yake ilipanda kila alipobadilisha mikono: kutoka kwa mchongaji hadi kwa mchuuzi, kutoka kwa mchuuzi hadi dukani Nairobi, kutoka dukani hadi Ulaya au Marekani. Mchongaji aliyeketi chini ya mti akisubiri mchuuzi alipata sehemu ndogo kuliko wote, ingawa kazi ngumu ilikuwa yake. Aidha, kadiri wachongaji walivyozidi kuwa wengi wakichonga twiga yuleyule, ndivyo mchuuzi alivyopata nguvu ya kusema asiyetaka bei yangu aniache nikanunue kwa jirani.

Peter Drucker, aliyeandika sana kuhusu uongozi wa kampuni, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1964 kwamba ni nadra mteja kununua kile ambacho mwuzaji anadhani anamuuzia. Mchongaji hudhani anauza mbao na siku tatu za jasho. Mtalii hununua kumbukumbu ya safari yake. Siku tatu zingekuwa tano, mtalii asingeongeza hata shilingi, kwa kuwa hazioni.

Lakini Wamunyu inafundisha pia upande wa pili, ambao wapenzi wa vitabu vya thamani huusahau: gharama. Kwa miaka mingi mpingo na muhugu vilikatwa kana kwamba havina mwenyewe, na bei ya kinyago haikubeba gharama ya mti mwingine wa kuchukua nafasi ya uliokatwa. Miti hiyo hukua polepole mno. Ilipoadimika, mbao zilianza kutafutwa mbali na kwa bei ya juu, na kuanzia miaka ya 1990 wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua upesi na inayopandwa mashambani.

Kwa hiyo kuna sakafu na dari. Gharama zote ndizo sakafu. Thamani machoni pa mteja ndiyo dari. Bei hukaa katikati. Fundi anayeuza chini ya sakafu anakula mtaji wake mwenyewe bila kujua. Ni heri kuihesabu sakafu hiyo kabla ya kukodi chumba.

Tuseme fundi cherehani anataka abaki na Sh24,000 kwa mwezi, na kodi, umeme, sindano na nauli ya kufuata vitambaa humgharimu Sh8,000. Jumla ni Sh32,000. Akigawanya kwa siku 26 za kazi, ataona kwamba akipata Sh1,230 kwa siku inatosha, na atapanga bei ya kila sare kwa hesabu hiyo. Lakini si siku zote 26 hushonwa nguo. Ipo siku ya kufuata vitambaa Nairobi, zipo siku za kudai madeni, na zipo siku ambazo mlango haubishwi. Ikiwa siku zenye malipo ni 16, atapata Sh19,680, na baada ya kutoa gharama atabaki na Sh11,680, chini ya nusu ya alichotarajia. Hesabu sahihi ilikuwa Sh2,000 kwa kila siku yenye kazi.

Ikiwa dari ya wateja wake haifiki hapo, basi tatizo si bei. Ni aina ya kazi au aina ya mteja, na ni afadhali kuligundua kwenye karatasi.

Namna ya kutoza nayo ina uzito wake. Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel, zilianza huduma nchini Kenya mwaka 2000. Kencell ilitoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde. Kwa mtu mwenye salio dogo aliyetaka kusema neno moja tu na kukata simu, tofauti hiyo ilikuwa kubwa, na ilichangia kuipa Safaricom wateja wengi.

Vitabu vyenyewe vichaguliwe kwa makini. Kile cha Robert Kiyosaki kuhusu baba tajiri na baba maskini, kilichotoka mwaka 1997 na ambacho hakikosi kwenye meza za wauza vitabu mitaani Nairobi, humpa msomaji moyo, lakini hakimfundishi kupanga bei ya sare moja. Kile cha Thomas Nagle kuhusu mbinu za kupanga bei, cha mwaka 1987, ni kigumu kusoma na kina manufaa zaidi.

Vyote viwili viliandikwa kwa ajili ya nchi ambako bei hubandikwa na mnunuzi hulipa. Machakos mnunuzi hupatana, na mara nyingi ni binamu au rafiki wa mama. Mafundi wenye busara humwandikia ndugu bei kamili kwenye risiti, kisha chini yake kiasi kilichopunguzwa kwa ajili ya undugu, ili wote wawili waone ni zawadi ya shilingi ngapi iliyotolewa, na ili anapomleta jirani yake, jirani huyo aanzie kwenye mstari wa juu.