Bambu: Kirusi cha korona kinabaki katika kinyesi cha aliyepona. Je, tuogope choo?

Mgonjwa wa korona anaacha kukohoa, homa inashuka, na kipimo cha pua kinaonyesha kwamba hana kirusi tena. Watu wa nyumba wanapumua. Lakini ndani ya tumbo mambo hayajaisha. Kwa wagonjwa wengi, alama za kirusi zinaendelea kutoka katika haja kubwa kwa majuma kadhaa, na kwa wachache kwa miezi.

Kwa mtu anayeishi Kinshasa au Ulaya katika nyumba yenye choo chake, habari hiyo haibadilishi maisha. Kwa mkaaji wa Bambu, mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Djugu, kaskazini ya Bunia, ni jambo lingine. Huku watu wengi wanatumia choo cha shimo, mara nyingi nyumba mbili au tatu kwa choo kimoja. Karibu na machimbo na katika kambi za wakimbizi wa ndani, idadi inapanda zaidi. Ndiyo sababu swali linakuja lenyewe: aliyepona korona akiingia katika choo cha wote, anatuachia ugonjwa?

Waganga waliona nini

Jambo hili lilijulikana mapema. Mwezi wa kwanza 2020, waganga wa Marekani walipompima mgonjwa wa kwanza kutambuliwa katika nchi yao, kijana aliyekuwa ametoka Wuhan, walikuta alama za kirusi katika kinyesi chake pia.

Kisha ikaja kazi ya waganga wa Zhuhai, kusini mwa China. Walifuata wagonjwa 74. Kwa wagonjwa 41, ni kusema zaidi ya nusu, kipimo cha kinyesi kilionyesha kirusi. Puani na kooni kilionekana kwa wastani wa siku karibu 17 tangu ugonjwa kuanza. Katika kinyesi kilionekana kwa siku karibu 28. Hiyo ni tofauti ya siku 11 hivi, na wakati huo mtu anaweza kuwa amekwisha kurudi nyumbani na hata kazini.

Mwaka 2022, watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 113 waliokuwa na korona isiyo kali sana. Katika juma la kwanza, karibu nusu yao walikuwa na alama za kirusi katika kinyesi. Kisha miezi 4 walibaki karibu 13 kwa mia. Kisha miezi 7 walibaki karibu 4 kwa mia. Watafiti waliona pia kwamba kutoa alama hizo katika kinyesi kulihusiana na maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kutapika.

Sababu inaeleweka. Kirusi cha korona kinaingia katika chembe za mwili kwa kupitia mlango ambao waganga wanauita ACE2. Mlango huo uko katika mapafu, lakini uko kwa wingi pia katika utumbo. Ndiyo maana wagonjwa wengine wa korona waliharisha, na wengine waliharisha mbele ya kukohoa.

Alama ya kirusi si kirusi hai

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kipimo cha PCR hakitafuti kirusi kizima. Kinatafuta kipande cha maandishi yake ya ndani. Ni kama kuingia katika kijiji kisha vita na kukuta maganda ya risasi: unajua kwamba bunduki ilipigwa, lakini haumaanishi kwamba askari bado yupo.

Ili kujua kama kirusi kiko hai, maabara inajaribu kukiotesha. Huko Munich, Ujerumani, wagonjwa 9 wa kwanza walifuatwa kwa karibu sana mwaka 2020. Katika makohozi na kooni, kirusi hai kilipatikana siku za kwanza za ugonjwa. Katika kinyesi hakikupatikana hata mara moja, ijapokuwa vipande vyake vilikuwa vingi. Watafiti wa China waliweza kupata kirusi hai katika kinyesi cha wagonjwa wachache, hasa waliougua vikali. Kwa hiyo hatari haiwezi kuitwa sifuri, lakini njia kubwa ya korona ilikuwa na inabaki pumzi: kukohoa, kupiga chafya, kuongea karibu karibu katika nyumba isiyo na hewa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Hong Kong, mwaka 2003, wakati wa SARS, ugonjwa wa jamaa moja na korona. Katika majengo ya Amoy Gardens, watu zaidi ya 300 waliambukizwa. Mgonjwa mmoja aliyekuwa anaharisha alitumia choo cha nyumba aliyokwenda kutembelea. Mabomba ya sakafu yalikuwa yamekauka, hayakuwa tena na maji ya kuziba njia, na hewa yenye kirusi ikapanda kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mwaka 2020, huko Guangzhou, watafiti walieleza kwa namna hiyo hiyo ugonjwa wa watu 9 wa familia 3 walioishi juu na chini katika jengo moja.

Lakini choo cha shimo cha Bambu hakina bomba linalounganisha nyumba na nyumba. Hatari yake iko mahali pengine.

Ituri inajua uzito wa neno “amepona”

Katika jimbo letu, swali la kirusi kinachobaki ndani ya mtu aliyepona si geni. Ebola ya 2018 hadi 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, iligusa watu 3,470 na kuua 2,287. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wakati korona ilikuwa imekwisha kuingia nchini. Waliopona Ebola walifuatwa kwa miezi mingi, kwani kirusi kile kinaweza kubaki katika shahawa za mwanaume.

Magonjwa haya mawili yasichanganywe. Kinyesi, matapishi na damu ya mgonjwa wa Ebola vinaambukiza kabisa, na havishikwi bila kinga. Kwa korona, aliyepona hastahili kufukuzwa katika choo, katika kazi wala katika kanisa kwa sababu kipimo cha kinyesi bado kinaonyesha alama. Jirani akimkataza, hajilindi na kitu. Anawafundisha tu wengine kuficha ugonjwa wao, na ugonjwa unaofichwa ndio unaosambaa.

Choo kinaua kwa njia nyingine

Kama korona haipendi sana njia ya choo, kuna magonjwa ambayo njia hiyo ndiyo barabara yao kuu. Kolera inarudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Albert, Tchomia na Kasenyi. Homa ya matumbo inapita katika maji na chakula kilichoguswa na kinyesi. Polio pia inatoka katika haja kubwa ya mtoto na kuingia katika kinywa cha mtoto mwingine.

Vita vya Djugu, tangu mwisho wa 2017, vimeongeza mzigo huo. Watu walikimbia na kusongamana katika kambi. Kipimo kinachofuatwa na mashirika ya msaada ni choo kimoja kwa watu 20, na choo kiwe meta 30 hivi kutoka chemchemi au kisima. Katika dharura, siku za kwanza, wanakubali choo kimoja kwa watu 50.

Maji machafu yanayotoa habari mapema

Kinyesi kina pia faida moja: kinasema kweli mbele ya hospitali. Katika Uholanzi, mwanzoni mwa 2020, watafiti walikuta alama za korona katika maji machafu ya mji wa Amersfoort siku 6 mbele ya wagonjwa wa kwanza wa mji huo kutangazwa. Tangu hapo miji mingi ya dunia ilipima maji machafu ili kujua kama wimbi la ugonjwa linakuja. Kwa polio, kazi ya namna hiyo inafanywa kwa miaka mingi, hata Kongo.

Lakini mbinu hiyo inahitaji mahali ambapo kinyesi cha watu wengi kinakusanyika. Kila choo cha shimo kinafunga siri yake chini ya udongo. Hivi, mahali penye mabomba panapata onyo mapema, na mahali kama Bambu panangojea mgonjwa wa kwanza afike katika kituo cha afya. Mkaaji anayeharisha na kubaki nyumbani, au kunywa dawa ya duka tu, anazima taa pekee tuliyo nayo.

Kwa hiyo tufanye nini?

Sabuni inavunja ganda la mafuta linalofunika kirusi cha korona, na inaondoa vijidudu vingine vya tumbo. Kunawa mikono kisha choo, kisha kumsafisha mtoto, na mbele ya kushika chakula, kunafanya kazi kubwa kuliko dawa nyingi. Kidumu cha maji na kipande cha sabuni viwe karibu na mlango wa choo, si ndani ya nyumba.

Choo kiwe na kifuniko, kwani nzi haulizi kinyesi ni cha nani. Kichimbwe upande wa chini wa chemchemi, si juu yake. Anayemhudumia mgonjwa avae glovu akisafisha mavi, na atumie maji ya klore: asilimia 0.5 kwa sakafu na vyombo, asilimia 0.05 kwa mikono. Javel isichanganywe na dawa nyingine ya kusafisha, kwani inatoa hewa ya sumu.

Tarehe 5 mwezi wa tano 2023, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Kirusi chenyewe hakikuondoka. Na nyumba tatu zinazotumia choo kimoja zinaweza, juma hili, kuchanga bei ya kipande kimoja cha sabuni.