Uso Unapovimba Baada ya Operesheni ya Taya



Ndugu yetu akitoka Luhwindja kwenda Bukavu kunyooshwa taya, iwe alizaliwa na meno yasiyokutana au mfupa uliunga vibaya baada ya ajali ya pikipiki, jamaa hubaki wakiomba. Wakimwona siku ya tatu wanashtuka: uso umevimba kuliko siku aliyopasuliwa. Hapo maneno huanza. Wengine husema daktari amemharibu, wengine husema amerogwa. Tunaandika ili hofu hiyo ipate jibu.

Katika operesheni hiyo daktari hukata mfupa, huusogeza mahali pake, kisha huushikiza kwa vyuma vidogo. Mwili hujibu jeraha kwa kuvimba. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua polepole kwa majuma kadhaa.

Ili kuupunguza, madaktari wengi hutoa dawa za jamii ya kortikosteroidi, kama deksametazoni. Zinafanana na homoni ambayo Mungu ameiweka katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zetu. Mara nyingi hutolewa kwa sindano wakati wa operesheni, na pengine kwa siku chache baadaye. Hupunguza uvimbe na pia kichefuchefu. Hilo si jambo dogo, kwa maana mtu aliyefungwa taya akitapika yuko hatarini. Lakini haziungi mfupa, wala hazichukui nafasi ya dawa ya maumivu.

Hapa ndipo tunapowaomba mtusikilize. Dawa hiyo hiyo inauzwa madukani, na wako watu nchini mwetu wanaoimeza ili wanenepe. Wengine hupaka krimu za jamii hiyo ili ngozi iwe nyeupe. Basi jamaa akiona uvimbe, ni rahisi kumwongezea mgonjwa vidonge. Msifanye hivyo. Ikizidi, dawa hii hupandisha sukari katika damu, huumiza tumbo, hudhoofisha kinga ya mwili na kuchelewesha kidonda kupona. Aliyeitumia kwa majuma mengi asiikate ghafla, maana tezi zake zimezoea kupumzika. Daktari ndiye atakayempunguzia hatua kwa hatua. Na kabla ya kupasuliwa, mgonjwa aseme bila haya kama ana kisukari au vidonda vya tumbo, au kama amekuwa akitumia dawa hizo. Siri hiyo inaweza kumgharimu.

Nyumbani, mlazeni kichwa kikiwa juu ya mito, mpeni uji mwepesi na supu, na kinywa kisafishwe kama alivyoelekezwa. Akipumua kwa shida, damu isipokoma, akipata homa au usaha, au uvimbe ukizidi kuongezeka baada ya siku ya nne, msingoje Jumapili mumlete mbele ya madhabahu. Mrudisheni hospitali, nasi tutaomba mkiwa njiani.

Makanisa yetu hayakutenga sala na tiba. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, mwaka 1999, iko chini ya CEPAC. Hata Paulo, alipomshauri Timotheo juu ya tumbo lililomsumbua, hakuacha kutaja kipimo: kidogo tu. Tuwaombee wagonjwa wetu, na tuheshimu kipimo cha daktari.